Barua ya Wazi kwa Nairobi: Waliokulia Barabarani Wapewe Leseni ya Kuongoza Wageni

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa ajili ya vijana wa Nairobi ambao utoto wao ulipita barabarani na ambao leo wanajitafutia riziki kwa kuwatembeza wageni katikati ya jiji. Baadhi yao wanafanya hivyo kupitia Nai Nami, mradi uliojipatia jina miongoni mwa wageni kwa kuwapa vijana waliowahi kulala nje nafasi ya kulisimulia jiji lao, mtaa kwa mtaa, kwa miguu. Nje ya mradi huo wapo wengine wenye ujuzi uleule na hawana pa kuupeleka. Ombi langu ni moja. Liundwe daraja la leseni la mwongoza watalii wa jiji, litolewe kwa mtihani wa vitendo, na masharti yake yawe yale ambayo kijana aliyekulia mitaani anaweza kuyatimiza. Nitaeleza kwa nini ujuzi wa vijana hawa unastahili kuitwa taaluma, na jinsi utaratibu uliopo unavyowafungia nje. Kisha nitawajibu wanaopinga, kwa sababu baadhi ya hoja zao zina uzito.

Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini Kenya wanaoishi barabarani. Kati yao 15,337 walikuwa Nairobi, karibu theluthi moja ya wote. Idadi hii haikuzuka jana, na wala si kweli kwamba nchi haijawahi kuhangaika nayo. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol alianzisha Undugu Society of Kenya, iliyowafundisha watoto wa mitaani kusoma na kazi za mikono wakati ambapo shule za kawaida hazikuwa na nafasi yao. Mwaka 2003 serikali ya muungano wa NARC iliunda Hazina ya Kurekebisha Maisha ya Familia za Mitaani, ikaanzisha elimu ya msingi bila malipo, na ikapeleka mamia ya vijana wa mitaani katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Hizo zilikuwa hatua za heshima. Lakini sambamba nazo imekuwepo desturi nyingine, ya msako na lori. Februari 2019 watoto wa mitaani wa mji wa Nakuru waliondolewa usiku na kutelekezwa katika kaunti jirani ya Baringo, na jambo hilo likafika hadi Seneti. Ukizitazama hatua zote hizo, za wema na za ukatili, utaona zinaanza na swali lilelile: watu hawa tuwatoeje barabarani, na tuwapeleke wapi? Ni mara chache sana ofisi ya umma imekaa chini kuuliza miaka hiyo ya barabarani imewafundisha nini, na elimu hiyo inaweza kutumika wapi.

Imewafundisha mengi. Mtoto anayelala nje hulisoma jiji kwa saa, tena kwa makini kuliko mpangaji wake yeyote, kwa sababu akikosea analala na njaa au anaamshwa kwa rungu. Anajua duka lipi la Luthuli hufungwa mapema na kuacha kibaraza kikavu, na mlinzi yupi humtimua mtu saa kumi alfajiri na yupi humwacha hadi kupambazuke. Anajua hoteli ya River Road inayotoa mabaki kupitia mlango wa nyuma, na saa ya kwenda kusimama hapo. Masika yakianza anajua sehemu zipi za kingo za Mto Nairobi, kule Globe, zitakazojaa maji kwanza. Anajua bei ya kilo ya chuma chakavu na ya plastiki, na mnunuzi ambaye mizani yake haidanganyi. Katika umati anamtambua askari wa kanjo, yaani wa kaunti, aliyevaa kiraia kabla wachuuzi hawajaanza kukunja bidhaa zao. Anajua bezi ipi, yaani maskani ya kundi la mitaani, inaongozwa na nani, mpaka wake uko wapi, na nani humgawia nani chakula. Mtafiti wa chuo kikuu akitaka kuyaandika haya atahitaji miaka na ruzuku, na mwisho wa kazi yake atalazimika kuwauliza vijana walewale.

Tuchukue kituo kimoja tu cha matembezi, mbele ya jengo la Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue. Mwongoza watalii aliyesoma vizuri atamwambia mgeni kwamba jengo hilo lilikuwa la Bank of India, kwamba ndani yake umo mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, na kwamba sanamu ya Tom Mboya iliyosimamishwa mwaka 2011 iko karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Yote hayo ni sahihi, na hakuna anayestahili leseni bila kuyajua. Aliyekulia pale atayasema hayo, kisha ataendelea. Ataeleza kwa nini uwanja huo mdogo ndio watu wa jiji zima huahidiana kukutana, na mizigo ya wasafiri hubebwa kwa njia zipi kutoka Machakos Country Bus, kituo ambako wengi wanaokuja kutoka mashambani hushukia bila kumjua mtu. Ataonyesha jinsi mtoto aliyetoroka nyumbani asubuhi anavyotambuliwa na wenzake wa mitaani kabla ya jua kuzama, kwa viatu vyake tu, maana bado anavyo. Mgeni aliyesikia maelezo ya kwanza peke yake amepata tarehe. Aliyesikia yote mawili ameanza kuifahamu Nairobi.

Naomba hapo tusichanganye mambo. Sisemi kwamba kulala nje ni shule, wala kwamba kuna lolote la kusifiwa katika chupa ya gamu inayoning'inia mdomoni mwa mtoto wa miaka tisa. Hiyo ni gundi ya kubandikia viatu. Inamdhuru ubongo, na mtoto huivuta ili asihisi njaa wala baridi. Kila mtoto aliye nje usiku huu angepaswa kuwa ndani, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 pamoja na Ibara ya 53 ya Katiba zinaidai serikali jambo hilo bila kigugumizi. Ninachosema ni hiki: ubaya wa mahali mtu alipojifunza hauufanyi ujuzi wake kuwa bandia. Kijana ameshatoka huko, ana miaka ishirini na mitatu, na ujuzi anao. Kuutupa ni kumdhulumu mara ya pili.

Wala hatuanzi sisi. Mjini Delhi, shirika la Salaam Baalak Trust, lililoanzishwa mwaka 1988 baada ya filamu ya Mira Nair iitwayo Salaam Bombay!, limekuwa tangu mwaka 2006 likiwaandaa vijana waliowahi kuishi barabarani kuwaongoza wageni katika vichochoro vya Paharganj, karibu na kituo cha reli cha New Delhi. Mjini London, Unseen Tours ilianza mwaka 2010 kwa waongoza watalii waliowahi kukosa makazi. Berlin ilifuata mwaka 2013 kupitia querstadtein, na Edinburgh mwaka 2016 kupitia Invisible Cities. Miji hiyo inatofautiana kwa utajiri, kwa sheria na kwa hali ya hewa, lakini imefikia uamuzi unaofanana, kwamba aliyeishi barabarani anaweza kufundishwa kupanga maelezo, kutunza muda na kumhudumia mgeni, ilhali aliyesoma mambo hayo yote hawezi kufundishwa darasani kule mwenzake alikotoka. Nairobi imeshapata mradi wake wenyewe wa aina hii, Nai Nami, ambamo vijana wa hapa ndio waongozaji. Kilichokosekana ni serikali kuutambua ujuzi huo ili usiishie katika mradi mmoja.

Sasa tuuangalie utaratibu wetu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inawaweka waongoza watalii miongoni mwa watoa huduma wanaohitaji leseni, na hilo ni jambo jema, kwa sababu mgeni anastahili kulindwa. Chuo cha Utalii kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1975. Tangu mwaka 1996 Chama cha Waongoza Safari wa Kenya kimekuwa kikiwatahini wanachama wake kwa daraja la shaba, la fedha na la dhahabu, na ubora wa madereva na waongozaji wetu mbugani ni matunda ya kazi hiyo. Lakini mfumo huu ulijengwa kwa ajili ya safari za porini. Unampima mtu kwa ndege, wanyama, mimea na jiografia ya hifadhi. Kijana anayetaka kumwongoza mgeni kutoka Jeevanjee Gardens hadi Kipande House, kisha avuke kwenda River Road na amalizie Muthurwa, hana sababu ya kutahiniwa kuhusu tabia za swala, na anayo kila sababu ya kutahiniwa kuhusu historia ya reli iliyofika hapa mwaka 1899, kuhusu wanawake waliogoma kula Uhuru Park mwaka 1992, na kuhusu namna ya kuvusha kundi la watu kumi na wawili Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni. Wageni waliokuja Kenya mwaka 2024 walikuwa takriban milioni 2.4, na sehemu kubwa yao walipitia Nairobi. Wengi hulala hapa usiku mmoja, na asubuhi gari huwabeba kwenda Maasai Mara au Amboseli. Jiji linawapa kitanda na foleni ya magari. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti utalii wa ndani ya eneo lake, kwa hiyo pengo hili lina mwenyewe.

Pengo la mtihani lingeweza kuzibwa haraka, lakini nyuma yake kuna vizingiti vingine vinavyomngoja kijana wa mitaani peke yake. Cha kwanza ni kitambulisho. Anayeomba kwa mara ya kwanza hudaiwa cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Kijana ambaye mama yake alifariki, baba hajulikani na kijijini hawamkumbuki hana cha kuwasilisha, na bila kitambulisho hana akaunti ya benki, hana laini ya simu kwa jina lake, wala hawezi kujaza ombi la leseni. Cha pili ni cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho hudaiwa karibu katika kila kazi ya kuaminiwa. Mtu aliyelala nje miaka kumi ana nafasi kubwa ya kuwahi kufikishwa mahakamani kwa kuzurura, kwa kuchuuza bila kibali au kwa kusumbua umma, yaani kwa kuwa maskini mahali panapoonekana. Mwaka 1997 Kenya iliifuta sheria ya uzururaji iliyorithiwa kwa mkoloni, lakini makosa yanayofanana nayo yamebaki katika kanuni ya adhabu na katika sheria ndogo za miji. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika. Itakuwa ajabu kumnyima mtu kazi mwaka huu kwa kosa ambalo mahakama ya bara zima imesema halikupaswa kuwa kosa. Kizingiti cha tatu ni cheti cha shule. Aliyeacha masomo darasa la nne hawezi kuleta cheti cha kidato cha nne hata akiijua historia ya jiji kwa moyo.

Kwa kizingiti hiki cha tatu dawa tunayo tayari nyumbani. Fundi wa jua kali wa Kamukunji au Gikomba aliyejifunza kuchomelea vyuma kwa kumtazama mjomba wake anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, akapimwa kwa kazi anayoifanya mbele ya mtahini, akapata cheti cha daraja la tatu, kisha la pili, hatimaye la kwanza. Mamlaka ya Kitaifa ya Kufuzu nayo ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Hakuna anayelalamika kwamba taaluma ya uchomeleaji imeshushwa hadhi kwa sababu wapo waliojifunza chini ya mwembe. Mlango hupimwa kwa kufungika na kufunguka. Basi na mwongozaji wa jiji apimwe hivyohivyo. Atembee na mtahini saa tatu, aulizwe maswali kwa Kiswahili au kwa lugha anayowahudumia wageni, aonyeshe huduma ya kwanza, aeleze atafanya nini mgeni akiporwa simu au akizimia juani. Akifaulu apewe leseni. Akishindwa aelezwe alipokosea na arudi kujaribu.

Nakuja kwa wanaopinga. Wa kwanza wanasema: hawa walikuwa wezi, nasi tunataka kuwakabidhi wageni wenye pasipoti na kamera. Ni hofu ambayo siwezi kuipuuza, kwa kuwa wapo waliowahi kuiba, na wengine hulisema hilo wazi mbele ya wageni. Lakini wengi waliishi kwa kuokota chuma chakavu, kubeba mizigo na kuomba, na si haki kuwaweka wote katika kapu moja. Kwa aliyetenda kosa la kuumiza watu, kamati ya leseni imwangalie yeye binafsi: alifanya nini, lini, na ameishije tangu hapo. Sheria huwapa wafungwa waliotumikia adhabu nafasi ya kurudi katika jamii, na siombi zaidi ya hiyo. Isitoshe, leseni yenyewe ni ulinzi. Mtu mwenye beji, picha, namba na ofisi inayoweza kumfutia kibali anawajibika. Anayetembeza watu kimyakimya, bila kuandikwa popote, hawajibiki kwa yeyote. Mji Mkongwe wa Zanzibar unatuonyesha tabu hiyo kwa miaka mingi sasa. Papasi, waongozaji wasio na leseni, wanaujua mji uchochoro kwa uchochoro, lakini kwa kuwa wako nje ya utaratibu, wanawaganda wageni, polisi wanawafukuza, na hakuna anayefaidika na wanachokijua.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba matembezi haya yanageuza umaskini kuwa maonyesho. Tumeona magari yakiingia Kibera na wageni wakiwapiga picha watoto wasiowajua, kisha wakaondoka. Anayechukizwa na hilo ana haki ya kuchukizwa, nami niko upande wake. Tofauti inategemea nani anazungumza, nani analipwa, na nani anaonyeshwa. Mtu mzima anayeamua kusimulia maisha yake mwenyewe na kulipwa kwa kazi hiyo hajadhalilishwa. Mtoto aliyelala kibarazani, ambaye hakuulizwa na hapati kitu, amedhalilishwa. Kwa hiyo masharti ya leseni yakataze kuwapiga picha watoto wa mitaani, yakataze kupeleka wageni kwenye bezi, na yakataze mgeni kugawa pesa hadharani, maana pesa hizo humfunga mtoto barabarani na huishia mikononi mwa walio wakubwa kuliko yeye. Kuna jambo jingine linalosahaulika katika mjadala huu. Leo kijana asiye na leseni hana kitu kingine cha kumwuzia mgeni isipokuwa maumivu yake. Lazima aeleze kila siku jinsi alivyovuta gamu, alivyopigwa, na rafiki yake alivyokufa, kwa sababu hicho ndicho kinachomtofautisha. Akipimwa na kuidhinishwa kwa ujuzi wa jiji lote, atakuwa na uhuru wa kusimulia McMillan Library na Msikiti wa Jamia, Kimathi na Wangari Maathai, na habari za utoto wake zikawa hiari yake. Anayetaka kuwaokoa vijana hawa na biashara ya huzuni angekuwa wa kwanza kuiunga mkono leseni hii.

Wa tatu ni waongoza watalii waliosomea kazi, wakalipa karo, wakakesha na vitabu, na sasa wanauliza kama jasho lao limekuwa bure. Nawaheshimu, na naona njia ya kutowadhuru. Daraja hili lihusu matembezi ya miguu ndani ya jiji tu. Aliye nalo asiendeshe gari la watalii wala asiingie nao mbugani. Mtihani uwe wazi kwa yeyote, aliyekulia Mathare na aliyekulia Lavington, na ada ilipwe na wote. Kijana wa mitaani hapunguziwi alama hata moja. Anachoondolewa ni vizuizi visivyohusiana na kazi. Na mgeni aliyekuwa alale Nairobi saa nane tu akiamua kubaki siku ya pili, chumba cha hoteli, teksi, mgahawa na huyohuyo mwongozaji wa safari atakayempokea kesho yake wote wanapata.

Wapo pia wanaosema kwamba haya ni matone baharini: kati ya watu elfu kumi na tano, wangapi watakuwa waongoza watalii? Wachache, nakubali. Siwasilishi leseni hii kama tiba ya tatizo la watoto wa mitaani. Tiba hiyo iko katika familia, chakula, shule na makazi, na haiwezi kungoja utalii. Lakini idadi ndogo ya waliofaulu ina kazi kubwa kuliko hesabu yake. Mtoto wa Ngara au wa Muthurwa hamjui profesa wala mbunge. Anamjua yule kaka aliyelala kwenye kibaraza kilekile, na siku akimwona akipita na beji ya kaunti kifuani, na askari wa kanjo wakimsalimu badala ya kumkimbiza, amepata ushahidi ambao hakuna warsha inayoweza kumpa. Vilevile, ofisi ikishajifunza kupima ujuzi wa barabarani katika kazi moja, itaweza kufanya hivyo katika kazi nyingine: urejelezaji wa taka, uchukuzi, ulinzi wa masoko.

Mwisho kuna wanaojali sura ya jiji, wanaoona kwamba mgeni angeonyeshwa KICC na maua ya Uhuru Park yakatosha. Wangekumbuka kwamba mgeni ana macho. Anawaona watoto hao kupitia dirisha la gari kabla hajafika hotelini, na asipopata wa kumweleza ataondoka na maelezo aliyojitungia mwenyewe. Nairobi ina historia ndefu ya kuwaondoa watu ili ipendeze au itulie. Mkoloni alitumia kipande, yaani kitambulisho cha lazima kwa Waafrika, kuamua nani aingie na nani atoke. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu walikamatwa na kupelekwa vizuizini. Mwaka 1990, miaka mingi baada ya uhuru, vibanda vya Muoroto vilibomolewa karibu na kituo cha mabasi. Hakuna msako uliowahi kumaliza umaskini wa jiji hili. Mgeni anayeisikia historia hii kutoka kwa mtu ambaye misako kama hiyo iliyagusa maisha yake ataondoka akiiheshimu Nairobi zaidi, kwa sababu jiji linalothubutu kujieleza halihitaji kuonewa huruma.

Waheshimiwa, ninayoyaomba yanaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya ya Bunge. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, pamoja na kaunti, itangaze daraja la mwongoza watalii wa jiji na mtihani wake wa kutembea na kuzungumza. Chuo cha Utalii kitoe kozi fupi ya jioni ya huduma ya kwanza, lugha na historia ya Nairobi, na wenye ujuzi wa barabarani waitwe kuifundisha sehemu wanayoijua wao. Hazina ya Familia za Mitaani, pamoja na machifu, iwe mdhamini anayetambuliwa kwa vijana wasio na wazazi wanapoomba kitambulisho. Makosa madogo ya kuzurura na kuchuuza yasihesabiwe katika uamuzi wa leseni. Askari wa kaunti wafunzwe kuitambua beji, na anayemsumbua mwenye beji ajibu mbele ya wakubwa wake. Kanuni za kuwalinda watoto walio nje ziandikwe kwenye leseni yenyewe, na anayezivunja anyang'anywe. Na anayeomba awe ametimiza miaka kumi na minane, ili pasiwe na mtoto hata mmoja atakayeachwa barabarani kwa kisingizio kwamba anajifunza kazi.

Ibara ya 55 ya Katiba inaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate ajira, na Ibara ya 56 inataka makundi yaliyotengwa yapewe fursa maalumu za elimu na uchumi. Sidhani kuna kundi lililotengwa kuliko watoto ambao jiji liliwapitia kila siku likiwa limegeuza uso. Hao wachache waliokua, wakaacha gamu, wakajifunza lugha za wageni na wakarudi kusimama pembe zilezile wakitafuta riziki kwa heshima, wameshafanya sehemu yao, tena iliyo ngumu zaidi. Wapimeni. Watakaofaulu, wapeni leseni kabla ya msimu ujao wa wageni.

Wenu katika kulijenga jiji,

Mwananchi wa Kenya